Vipimo Kumi vya Mwisho

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare za shule, Chiriku alikuwa na kazi moja isiyoahirishwa: kumpima bibi yake sukari. Alinawa mikono kwa sabuni, akaleta kipochi cheusi mezani, kisha akasema, "Haya Bibi, leta kidole."

"Kipi leo?" bibi aliuliza. "Hiki kimechoka kuchomwa. Chukua cha pili yake, jana kilikuwa likizo."

Bibi alikuwa mama mzazi wa mama yake Chiriku. Alikuwa fundi cherehani, na ingawa ugonjwa wa kisukari ulikuwa umeanza kumfunika macho kwa ukungu, bado alibadilisha zipu na kupinda suruali za watu kwa kupapasa. Namba ndogo ndizo hakuweza tena kuzisoma. Mama naye alitoka alfajiri kwenda kukanda unga kwenye kiwanda cha mikate. Ndiyo maana kazi ya kupima aliachiwa Chiriku, binti wa miaka kumi na miwili, aliyepewa jina hilo la utani kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika.

Chiriku alichoma kidole, akaminya tone la damu, akaligusisha kwenye kijiti chembamba kilichochomekwa kwenye mashine. Wakasubiri. Namba ikatokea kwenye kioo.

"Kumi na tatu, Bibi."

"Mh! Sukari hii inanipenda kuliko marehemu babu yako." Bibi alichukua kalamu yake ya insulini, akaizungusha huku akihesabu milio yake, tik, tik, tik, kwa maana masikio yake yalikuwa mazima. Kisha akajidunga tumboni bila hata kukunja uso.

Mashine yenyewe ilikuwa ya zamani, nene kama kipande cha sabuni, kioo chake kimechubuka. Walipewa kliniki kwa kuwa mpya zilikuwa adimu, na muuguzi aliyewakabidhi aliwaeleza vizuri. "Hii kumbukumbu yake ni ndogo," alisema. "Inashika vipimo kumi vya mwisho, basi. Cha kumi na moja kikiingia, kile cha zamani kabisa kinatupwa nje. Tena haiweki tarehe, inapanga namba tu moja nyuma ya nyingine. Siku ya kliniki mje nayo, daktari ataibonyeza aone sukari imekwendaje." Kwa kuwa mashine ilijiwekea yenyewe, hakuna mtu nyumbani aliyeona haja ya kuandika pembeni.

Jumamosi moja mchana, wanafunzi wenzake Chiriku walikuja kufanya zoezi la sayansi. Walikuwa sita, na zoezi lenyewe lilihusu damu na mishipa. Bibi alikuwa amejilaza chumbani. Kalamu hazijashika hata mstari wa tatu, mvulana mmoja mrefu ambaye darasa zima lilimwita Ngongoti akakiona kipochi cheusi juu ya kabati.

"Hiki nini?"

Chiriku angeweza kusema ni vitu vya bibi, visiguswe. Lakini macho ya wote yalikuwa yamemgeukia, na ilikuwa mara chache sana macho ya Ngongoti kumgeukia.

"Ni mashine ya kupimia damu," alisema. "Na humu ndani daktari ni mimi."

"Muongo."

"Leta kidole uone kama naongopa."

Ngongoti alileta kidole, akafumba macho, akapiga kelele kabla hata hajachomwa. Wenzake walicheka mpaka wakaziba midomo wasimwamshe bibi. Namba ikatokea: tano. "Daktari, nitapona?" Ngongoti aliuliza kwa sauti ya kizee, na kicheko kikaanza upya. Baada ya hapo kila mmoja alitaka. Chiriku alibadilisha sindano kwa kila mtu, maana hilo mama alikuwa amemkaririsha kama jedwali la kuzidisha. Nne na nusu. Tano. Sita, kwa yule aliyekuwa na peremende mdomoni. Mwisho, kwa kunogewa, daktari akajipima mwenyewe.

Walipoondoka, Chiriku alianza kuvirudisha vitu kwenye kipochi. Alikitikisa kikopo cha vijiti vya kupimia. Hakikulia. Akakifungua, akakiinamisha juu ya kiganja. Hakikutoka hata kimoja.

Alibonyeza kitufe cha mashine, kile kimoja tu ilichokuwa nacho, ili kurudi nyuma kwenye kumbukumbu. Tano. Tano na nusu. Sita. Tano. Namba za wenzake na yake mwenyewe zilipita moja moja, saba nzima. Nyuma yake zilikuwepo namba tatu za bibi: kumi na tatu, kumi na mbili, kumi na nne. Alibonyeza tena, na mashine ikarudi mwanzo. Zile nyingine za bibi zilikuwa zimesukumwa nje, hazipo tena popote.

Alitafuta namna ya kufuta. Alikibonyeza kitufe kwa haraka, akakishikilia kwa muda mrefu, akaitoa betri na kuirudisha. Tano, ikasema mashine, bila wasiwasi wowote. Njia ya kuziondoa namba zile ilikuwa moja tu: kuzisukuma kwa vipimo vipya. Na vijiti vilikuwa vimekwisha.

"Bibi yako alikuwaje leo?" mama aliuliza jioni, akikung'uta unga kwenye mikono.

"Yuko sawa, Mama."

Asubuhi iliyofuata hakuwa na cha kumpimia bibi. Hata hivyo bibi alikaa kwenye kiti chake, akanyoosha mkono akisubiri. Chiriku alisimama mbele yake. Kisha akamchoma. Akaminya tone la damu, akalifuta kwa pamba, akasubiri kidogo kama kwamba kuna mashine inayohesabu.

"Ngapi?" bibi akauliza.

"Nane."

"Alaa! Basi leo nitashona hata suruali ya rais."

Bibi alicheka, lakini Chiriku hakuweza. Alimchoma bibi bure siku hiyo, akamchoma bure kesho yake na keshokutwa, na kila mara kidole kile chenye sugu kilikuja mikononi mwake chenyewe, bila shaka yoyote. Darasani mwalimu alimuuliza kama anaumwa. Chakula hakikupita. Bibi naye alianza kumsikiliza kwa makini. "Mjukuu wangu, mbona nyumba imekuwa kimya hivi?" alisema. "Umemeza nini?"

"Nina mtihani, Bibi."

Alhamisi ilikuwa siku ya kliniki. Mama aliomba ruhusa kazini, Chiriku akamshika bibi mkono, wakaenda. Njiani alijiambia kwamba atasema. Atasema wakifika langoni. Walipofika langoni akajiambia atasema wakiitwa ndani.

Daktari alikuwa mwanamke mwenye miwani na mikono ya haraka. Aliipokea mashine, akabonyeza, na uso wake ukafunguka.

"Bibi! Hebu ona hapa. Ulikuwa kwenye kumi na tatu, kumi na nne, halafu imeshuka mpaka tano, na imekaa hapo hapo. Umefanyaje?"

"Nimefanya nini tena mimi?" bibi alisema. "Nimekaa tu na cherehani yangu."

Muuguzi alimpima bibi pale pale kwa mashine ya kliniki. Ilikuwa kumi na tano. Daktari alikunja kipaji.

"Leo umekula nini?"

"Chai bila sukari na kipande cha mkate."

"Bila sukari kweli, Bibi? Sukari haipandi yenyewe." Daktari alitabasamu, kama watu wazima wanavyomtabasamia mtoto aliyekutwa na makombo mdomoni. "Kipimo cha siku moja hakinitishi, mimi natazama siku zote kwa pamoja. Na hizi tano na nne na nusu ndizo zinazonitia wasiwasi. Kwa umri wako sukari ikishuka zaidi ya hapo unaweza kuzimia usingizini. Tutapunguza insulini, uchukue nusu ya ile ya zamani."

Nusu. Neno lile lilimpiga Chiriku kifuani. Alijua zile namba ni za nani. Angeweza hata kuzitaja kwa majina. Alifungua mdomo, na pale pale akauona uso wa mama, umechoka, umejaa unga pembeni mwa nywele, ukitabasamu kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Mdomo ukafungika.

Walirudi na kikopo kipya cha vijiti. Nyumbani mama alilichukua kopo la sukari, akaliingiza kabatini na kugeuza ufunguo.

"Mwanangu," bibi alisema polepole, "hata wewe huniamini?"

"Mama, si hivyo. Daktari kasema."

Bibi alienda kukaa kwenye cherehani yake, ila hakushona. Chiriku alisimama mlangoni akiutazama mgongo wake, na aliona aibu ya kuwa hai.

Ijumaa asubuhi alimpima, safari hii kwa kijiti cha kweli. Kumi na saba. "Ngapi?" bibi akauliza. Chiriku alijaribu kuitamka yote, lakini mwanzo wake ulimkwama kooni, ukatoka mwisho peke yake: "...saba." Jumamosi ilikuwa ishirini na mbili. Alisema iko kama jana. Bibi alikunywa maji bilauri tatu mfululizo, akaomba tena, akawa anaamka kwenda chooni kila mara akishikilia ukuta. "Kiu gani hii," alinung'unika. "Kama nimekula chumvi ghalani."

Jumapili, mama akiwa kazini, Chiriku aliamka akakuta kiti cha bibi kitupu. Alimkuta chumbani, amekaa ukingoni mwa kitanda, kichwa kimeinama.

"Bibi? Leta kidole."

Bibi aliinua uso. Midomo yake ilikuwa imekauka mpaka imepasuka, na pumzi yake ilikuwa ya haraka na nzito, yenye harufu tamu tamu kama ya matunda yaliyoanza kuoza. "Nani wewe?" aliuliza.

"Ni mimi, Bibi. Chiriku."

"Mwambie Chiriku aniletee maji."

Chiriku alidondosha kijiti cha kwanza. Akachukua kingine. Akachoma, akagusisha, akasubiri. Mashine haikuonyesha namba. Ilionyesha herufi tu, zile ambazo muuguzi aliwahi kusema zikitokea maana yake sukari imepita kiwango ambacho mashine inaweza kuhesabu, na mtu asisubiri hata kidogo.

Hapo hofu aliyokuwa nayo siku zote, ile ya kugombezwa, ikatoweka kama haikuwahi kuwepo. Ilikuja nyingine kubwa kuliko hiyo, haina jina. Alimlaza bibi ubavu, akamwita mama wa nyumba ya pili aje akae naye, akatoka mbio. Alikimbia bila viatu mpaka kiwandani, akapita katikati ya magunia, akamkuta mama yake kwenye meza ya kukandia, mikono imezama ndani ya unga.

"Mama, Bibi hanijui!" alipiga kelele. "Na ni mimi! Namba za mashine si za Bibi, ni zetu, tulipimana sisi watoto, vijiti vikaisha, nikadanganya! Daktari kapunguza dawa kwa namba zetu!"

Wafanyakazi wote waligeuka. Mama alimtazama kwa muda kama mtu asiyeelewa lugha. Kisha akachomoa mikono kwenye unga, hakuinawa, akamgeukia dereva wa gari la mikate. "Kaka, nakuomba gari."

Dereva alishusha kreti mbili tu ili kupata nafasi, nyingine zikabaki. Walipita nyumbani, wakambeba bibi kwenye gari lile, katikati ya mikate iliyokuwa bado inafuka. Chiriku alikuwa nyuma, kichwa cha bibi mapajani mwake, akiisikiliza pumzi ile nzito. Kila ilipokawia kuja, yeye naye aliacha kupumua. Mama alikuwa mbele. Hakugeuka nyuma hata mara moja, na mgongo ule ulimtisha Chiriku kuliko fimbo.

Kliniki walimpokea bibi kwa haraka, wakamtundikia maji ya mshipa. Daktari alitoka akiwa na mashine yao waliyokuja nayo mkononi. "Nani anajua kilichotokea?"

Mama alimtazama Chiriku.

"Mimi," Chiriku alisema. Alieleza kuanzia Jumamosi ile. Daktari alikuwa akibonyeza kitufe, na Chiriku akawa anazitaja: hii yangu, hii ya yule mwenye peremende, hii ya Ngongoti. Alieleza pia jinsi alivyomchoma bibi bure siku zote zile.

Daktari alivua miwani. "Sindano. Ulibadilisha kwa kila mtoto? Niambie ukweli mtupu."

"Nilibadilisha. Kila mmoja na yake."

Daktari alishusha pumzi. "Hapo angalau. Damu ya mtu kwa mtu inabeba maradhi. Sindano moja kwa vidole viwili, na leo ningekuwa na wagonjwa wengi zaidi ya bibi yako. Lakini wazazi wao lazima wajue, na utawaambia wewe." Akageuka kurudi ndani. "Umefanya vizuri kusema. Sasa najua ninachotibu."

Walisubiri kwenye benchi la ukumbini. Mlango wa wodi ulifunguka na kufungwa, na kila ulipofunguka Chiriku aliinua kichwa. Muuguzi alipita na chupa, akapita na karatasi. Mama alikaa, unga umekauka mikononi mwake na kupasuka kama udongo wa kiangazi. Mwishoni kabisa, bila kumtazama, aliunyoosha mkono ule na kumvuta binti yake karibu. Chiriku akalia kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi ile.

Ilikuwa alasiri daktari aliporudi. "Sukari inashuka," alisema. "Pole pole, kama tunavyotaka. Amefungua macho na ameuliza nani anamlipia kitanda kigumu namna hii."

Mama alicheka na kulia kwa pamoja.

Chiriku aliitazama mashine iliyokuwa mfukoni mwa koti la daktari. "Daktari," aliuliza kwa sauti ndogo, "kwa nini waliitengeneza na kumbukumbu ndogo hivyo?"

"Kwa sababu ilipotengenezwa, kumbukumbu ilikuwa kitu cha ghali," daktari alisema, akakaa kwenye benchi kando yake. "Kompyuta za mwanzo kabisa zilijaza chumba kizima, na bado zingeshindwa kukihifadhi kitabu chako kimoja cha shule. Vifaa vya zamani viko hivyo, kikiingia kipya, cha zamani kinatoka. Hilo si kosa lake. Lakini nisikilize. Mashine hii haijui damu ni ya nani. Haijui bibi wala Ngongoti, inajua namba tu. Mimi niliiamini bila kuuliza zaidi, hata bibi yako aliponiambia hajala sukari, na nitamwomba radhi. Ila mtu pekee aliyejua namba ni za nani alikuwa wewe. Ukweli wote ulikuwa umehifadhiwa kichwani mwako, na ukaufungia huko."

Bibi alilazwa siku kadhaa. Katika siku hizo Chiriku na mama walizunguka nyumba kwa nyumba za wale wenzake sita. Wazazi wengine walimsikiliza, mmoja alimfokea mpaka majirani wakatoka nje. Chiriku alisimama pale pale mpaka mzazi yule alipomaliza, akasema samahani, wakaenda nyumba iliyofuata. Mama naye alilitoa kopo la sukari kabatini, akalirudisha mahali pake, na siku ya kumtembelea bibi alipiga magoti kando ya kitanda. "Nisamehe, Mama. Nilikuona muongo."

"Inuka bwana, utachafua gauni," bibi alisema, lakini aliushika mkono wa binti yake kwa muda mrefu. Kisha akapapasa hewani. "Yule mwingine yuko wapi? Njoo hapa."

Chiriku alisogea. Alikuwa amepanga maneno mengi, yote yakampotea. "Bibi, nilikuchoma bure," alisema. "Nilijua, na nikakuchoma."

"Najua. Wameniambia." Bibi alipapasa mpaka akaukuta mkono wa Chiriku. "Iliniuma, sitakudanganya. Si kidole. Iliniuma kwamba ulikaa mbele yangu unatetemeka, nami nikadhani ni mtihani."

"Nilikuwa naogopa, Bibi."

"Kuogopa si dhambi, mjukuu wangu. Hata mimi naogopa. Kila ninapojidunga sindano ile naogopa, basi tu nimezoea kutania. Lakini wewe ulichukua hofu yako ukaificha, ukaiongezea uongo mmoja, kisha wa pili, mpaka ikawa kubwa kukushinda, ikaja kuniangukia mimi. Ungesema Jumamosi ile ile, ningekugombeza mpaka jioni, tungekula, tungelala. Bei yake ilikuwa hiyo tu." Alimvuta mpaka paji la uso la Chiriku likagusa lake. "Ukikosea tena, maana utakosea, wewe ni mtu, usisubiri hofu ikupe ruhusa ya kusema. Haitakupa. Niambie wakati bado nakusikia."